UZI: Mzunguko wa maji kwenye akwariamu ya mimea, lita kwa saa sio kila kitu

Kibua_Mtoro:
Wakuu habari za saa hizi. Naona kila mtu akianza akwariamu ya mimea swali la kwanza ni "ninunue pampu ya lita ngapi kwa saa", na majibu ni yale yale, zidisha ujazo wa tangi mara tano, mwingine anasema mara kumi, basi jamaa anaenda kariakoo anachukua pampu kubwa kuliko zote, anaipachika kona moja, haupiti muda analalamika mimea ya kona ya pili imeota mwani wa manyoya meusi na samaki wamejibana nyuma ya jiwe. Sasa mi nataka hili tuliongee kwa kirefu maana mara nyingi tatizo sio lita, tatizo ni njia. Maji yanatokea wapi, yanagonga wapi, yanarudi kwa kupitia wapi.

Kwanza kwa nini mmea unataka maji yanayotembea. Gesi ya CO2 ikiwa ndani ya maji inasambaa taratibu mno, kama mara elfu kumi taratibu kuliko hewani. Alafu juu ya kila jani kuna utando mwembamba wa maji ambayo hayatembei, yamenata pale, na chochote jani linachotaka kula, iwe CO2, naitrati, potasiamu au madini ya chuma, lazima kivuke huo utando. Maji yakisimama utando unanenepa, unaweza kufika hata nusu milimita. Utasema nusu milimita ni nini, lakini kwa gesi inayojikokota vile ni safari. Mkondo ukipita juu ya jani unaupunguza utando, jani linakula. Ndio maana unaweza kukuta tangi lina CO2 ya kutosha kabisa kwa ujumla, kichupa cha kupimia CO2 kimegeuka kijani kizuri, na bado mmea wa kona unakufa njaa.

Sasa ile hesabu ya mara tano hadi mara kumi sio mbaya kama pa kuanzia. Tangi la sentimita 90 kwa 45 kwa 45 ni lita 182 ukijaza mpaka juu, ukitoa mchanga, mawe na nafasi ya juu unabaki na kama 150. Mara tano ni 750, mara kumi ni 1500. Shida ni kwamba namba iliyoandikwa kwenye boksi imepimwa pampu ikiwa tupu, haina sponji, haina keramiki, haina mabomba ya kupinda pinda. Ukishapakia kila kitu sio ajabu kukuta nusu.

Pima mwenyewe, hakuna gharama. Chukua ndoo ya lita kumi, elekeza mdomo wa bomba la kurudishia maji ndani ya ndoo, washa taimu ya simu. Mdomo wa bomba uwe usawa ule ule unapokaa siku zote, usiishushe ndoo mpaka sakafuni, ukiishusha mteremko unaisaidia pampu na unapata namba ya uongo. Ikijaa kwa sekunde 36 hiyo ni lita 1000 kwa saa. Sekunde 72 ni lita 500. Rudia baada ya kusafisha filta uone tofauti, utashangaa.

Na kuna hii kwa wenye kanista, ile filta iliyofungwa ya kukaa nje ya tangi, ya kusema "kanista iko chini kabatini kwa hiyo inapoteza nguvu kupandisha maji". Kanista imefungwa, imejaa maji bomba zote mbili, uzito wa maji yanayoshuka unasawazisha yale yanayopanda. Kinachokula nguvu ni msuguano, bomba jembamba, elbo nyingi, sponji iliyoziba. Wenye tangi la chini lililo wazi, lile la maji kushuka yenyewe alafu pampu irudishe juu, hao ndio wanapiga hesabu ya urefu wa kupandisha.

Naendelea kwenye mpangilio, nisubirini kidogo nanywa chai.

Sato255:
Tuko hapa mkuu, vuta kiti

Mama Guppy:
Kabla hujaendelea kaka, mi nina tangi la futi mbili, filta ya ndani ile ya kubandika na vinyonyeo, sina CO2 sina taa kubwa, mimea ni vali (Vallisneria) na anubias tu, na samaki wangu wa guppy. Nami inabidi niingie gharama zote hizi?

Kibua_Mtoro:
Hapana mama, wala usihangaike. Mwanga ukiwa mdogo na hakuna CO2 ya kuongeza mimea inakula taratibu, mara tatu nne za ujazo kwa saa zinatosha kabisa. Wewe cheza na pembe tu. Filta ya ndani wengi wanaibandika katikati ya kioo cha nyuma ikitema mbele, ikigonga kioo cha mbele mkondo unagawanyika unakufa. Ihamishie upande mfupi, iteme kwa urefu wa tangi, mdomo uelekee juu kidogo uso wa maji uwe unacheza. Maji yaende mpaka mwisho, yagonge, yashuke, yarudi kwa chini. Na kama filta inakutesa, sponji ya hewa na pampu yake ndogo inakufaa sana, guppy wachanga hawanyonywi.

Sasa mpangilio. Iko mitindo miwili mikubwa na yote inafanya kazi, ubishi wa ipi bora ni wa watu wenye muda.

Wa kwanza ni bomba la matundu. Linalala kwenye kioo cha nyuma kwa urefu, sentimita chache chini ya uso wa maji, matundu yanatazama mbele. Maji yanakwenda mbele kwa upana, yanagonga kioo cha mbele, yanateremka na kioo, yanafika mchangani, yanarudi nyuma yakipita katikati ya mimea ya chini, yanapanda. Uzuri wake ni kwamba safari ni fupi. Tangi la upana wa sentimita 45 mkondo unavuka 45 tu, sio 90, kwa hiyo unafika na nguvu bado. Kwa tangi refu mi sina mjadala, ni bomba la matundu.

Wa pili ni yale mabomba ya vioo yenye mdomo uliopanuka, lili paipu, yaliyopewa umaarufu na kampuni ya ADA ya Takashi Amano, yule Mjapani aliyeianzisha 1982. Inakaa upande mmoja, inatema kwa urefu, maji yanakwenda yanagonga kioo cha mwisho, yanashuka, yanarudi kwa chini mpaka kwenye bomba la kunyonya ambalo liko upande ule ule. Hapo ndio wengi wanabishana, wanataka kunyonya kuwe upande wa pili ili "maji yavuke". Ukiweka upande wa pili maji mengine yanakatisha moja kwa moja, kule chini yanalala. Ukiviweka upande mmoja lazima yazunguke yote ndio yafike. Mdomo ule mpana kazi yake ni kulainisha mkondo. Mkondo mwembamba wenye nguvu ni kama bomba la kuoshea magari, unachimba sehemu moja, nusu mita pembeni hakuna kitu. Mimea inataka maji mengi yanayotembea polepole.

Mnataka kuona mkondo kwa macho? Usiku zima taa ya chumba, weka tochi ya simu ubavuni mwa tangi imulike kwa urefu. Chukua chakula cha samaki cha vipande, kisage kwa vidole kiwe unga, tia kidonyo mbele ya mdomo wa bomba. Punje zile zinamulika kwenye mwanga unaziona zinavyokwenda, zinavyoshuka, na utaona sehemu zinapofika zinazunguka mara mbili zinadondoka. Pale zinapodondoka ndio pamekufa. Mara nyingi ni nyuma ya jiwe kubwa na kona ya chini iliyo moja kwa moja chini ya mdomo wenyewe, pale hakuna anayepafikiria.

fundi vioo wa Tabata:
Kwenye bomba la matundu mi ndio kwangu hapo wakuu, nawatengenezea watu kila siku. Usinunue, chukua PVC ya nusu inchi hapo hadwea, endi kepu moja, elbo moja, umemaliza. Kosa la wengi ni kutoboa matundu kama mtu anatengeneza chujio. Piga hesabu ya eneo. Bomba likiwa na uwazi wa milimita 16 ndani eneo lake ni kama milimita za mraba 200. Tundu la milimita 4 ni kama 12 na nusu. Kwa hiyo matundu 16 ya milimita 4 ndio yanalingana na bomba lenyewe, usizidi hapo. Ukitumia biti ya milimita 3 unaweza kufika 28. Ukizidisha presha inaanguka, yanakuwa yanadondosha tu mengine hata hayatoi. Ukipunguza sana pampu inabanwa. Mi naanza na machache, naweka tangini naangalia, naongeza.

Toboa kwenye mstari mmoja, chora kwanza na penseli maana biti inateleza kwenye mviringo. Toa mabaki kwa msasa mle ndani yasije yakaziba. Na msigundishe endi kepu kwa gundi, ibaki ya kusukuma tu kwa mkono ili uitoe upitishe brashi, mle ndani kunaota utelezi balaa.

Sato255:
Mkuu Kibua naomba kupinga kidogo. Mi nimezaliwa Mwanza, ziwani kwenye vighuba kuna mimea kibao imejaa na maji yametulia tuli. Kama mmea unahitaji mkondo namna hiyo ile inaishije?

Kibua_Mtoro:
Swali zuri sana, na ndio maana nilimwambia mama Guppy asihangaike. Ziwani kuna vitu vitatu tangini huna. Upepo na mawimbi vinatikisa maji ya pembeni mchana kutwa, we unaona yametulia lakini majani yanayumba. Pili chini kuna tope lenye vitu vinavyooza vinatoa CO2 pale pale kwenye mizizi. Tatu ujazo, samaki mmoja ana maji kiasi gani kule. Na hata hivyo angalia mimea gani inaota wapi. Ukienda ufukweni Tanganyika vali inaota kwenye mchanga pale mawimbi yanapofika. Ile mimea yenye majani ya sindano isiyo na mizizi, Ceratophyllum, ndio inapenda vighuba vilivyotulia, inaelea, inakula kwa mwili mzima. Kila mmoja na kwao.

Kuna mmoja wa Afrika ya kati na magharibi anaitwa Bolbitis heudelotii, jimbi la majini, kwao ni vijito vya mawe vyenye maji ya kasi. Ukimweka sehemu iliyotulia anakaa tu, haongezi jani, na majani anayotoa yanakuwa madogo meusi. Mfunge kwenye jiwe kwa uzi au supaglu, shina lake la kutambaa usilizike mchangani, mweke mbele ya mkondo, utamwona anavyotanuka. Ukitaka mmea wa kukuambia kama tangi lako lina mzunguko au halina mtafute huyo.

Changu wa Nyali:
Salamu kutoka Mombasa wadau. Mimi niko na tangi ya futi nne, 120 kwa 45 kwa 50, kanista ya elfu moja mia mbili na nimeongeza wimbimeka (pampu ndogo ya kusukuma maji ndani ya tangi) moja kila upande zinatazamana, kwa sababu niliambiwa maji yakigongana katikati ndio yanachanganyika poa. Sasa niko na shida mbili. Wale samaki wangu wanne wa angel wanakaa kona moja siku nzima hawatoki, na kwa mchanga pale mbele katikati kumetokea utando wa kijani kama rangi ya bahari unatoka kwa mashuka na uko na harufu mbaya. Nikiutoa leo baada ya siku kadhaa uko pale tena.

Kibua_Mtoro:
Karibu sana ndugu yangu wa Mombasa. Huo utando sio mwani wa kawaida, ni sayanobakteria, harufu na kutoka kama shuka ndio kitambulisho chake. Unapenda sehemu taka zinapotulia na maji hayapiti. Sasa tazama, pampu mbili zikitazamana mikondo inauana pale pale katikati, ndio maana umeota katikati kabisa mbele. Una maji mengi sana na katikati yamesimama. Hapo sio suala la kuongeza.

Toa wimbimeka moja kabisa. Ile inayobaki iweke upande mmoja na mdomo wa kanista, zote zisukume kuelekea upande mmoja, zisaidiane. Au bora zaidi, weka bomba la matundu la urefu wote wa sentimita 120 kama fundi alivyoeleza, wimbimeka zote mbili weka kabatini. Kwa lita 270 za tangi lako, kanista ukipima kwa ndoo ikikupa hata 700 kwa matundu yaliyogawanywa vizuri inatosha kwa mimea mingi. Huo utando unyonye kwa mpira wakati wa kubadilisha maji, zima taa siku tatu ufunike tangi, alafu angalia naitrati yako isiwe sifuri maana nao unapenda sana tangi lenye njaa ya naitrati.

Angel ni samaki wa maji ya polepole, mwili wake ni mpana bapa, mkondo ukimpiga ubavuni anasukumwa. Lazima akimbie. Ukituliza mkondo utawaona wanatoka. Ukitaka wa kucheza mbele ya mkondo weka danio, hao wataogelea dhidi ya maji siku nzima wenyewe kwa raha zao.

Changu wa Nyali:
Sawa kaka nimeshika. Bomba ya matundu nitatafuta fundi wa hapa anitobolee. Na mawe? Niko na mawe makubwa yameegemea kioo cha nyuma.

Kibua_Mtoro:
Yasogeze mbele, acha upenyo wa kama sentimita tano kati ya jiwe na kioo, mkono upite na maji yapite. Jiwe lililoegemea kioo linafunga mlango wa maji ya kurudi, nyuma yake panakuwa ghala la kinyesi. Na mimea nayo hivo hivo, kichaka kikishanenepa kinazuia, unakuta tangi lilikuwa zuri mwanzo alafu baadae mwani unaanza na mtu anakimbilia kununua dawa, kumbe ni mkasi tu unahitajika.

Meru_Mdau:
Wakuu mi niko Arusha, tangi la 60 kwa 30 kwa 36, lili paipu, CO2 natengeneza kwa hamira na sukari kwenye chupa za soda. Juu ya maji kuna utando wa mafuta mafuta unang'aa. Nikiinua mdomo wa bomba maji yacheze utando unaondoka lakini naambiwa napoteza CO2 yote. Nikishusha samaki alfajiri nawakuta juu wanahema. Nifanyeje sasa, naona kama napigwa kote kote

Kibua_Mtoro:
Inua. Hapa mi sibembelezi. Watu wameogopeshwa sana na hii habari ya kupoteza CO2. Ni kweli maji yakicheza gesi inatoka, lakini hewa inaingia pia, na hiyo unayopoteza unaweza kuongeza, samaki aliyekufa humuongezi. Cha kuepuka ni maji kuruka na kutoa mapovu, ukisikia tangi linavuma ujue umezidisha. Uso wa maji uwe na mikunjo midogo upana mzima.

Na hamira haina swichi. Usiku taa imezimwa, mimea nayo inavuta oksijeni, haitoi, na chupa yako inaendelea kumimina CO2. Ndio maana alfajiri ndio mbaya. Ukishusha mdomo wa bomba mchana kwa ajili ya CO2 basi jioni uinue, au weka pampu ya hewa ndogo kwenye taimu iwake taa zikizimika. Oksijeni yenyewe maji yanabeba kidogo, nyuzi 25 kama miligramu 8 na kidogo kwa lita, nyuzi 30 za huku kwetu Dar ni kama 7 na nusu. We uko juu mita kama 1400 hewa ni nyepesi, unapata pungufu ya hapo ingawa ubaridi wako unakusaidia. Kwa hiyo wote tuko pembamba.

Kisambaza gesi umekiweka wapi?

Meru_Mdau:
Chini ya lili paipu kabisa, upande ule ule, kwa sababu bomba la gesi linafika hapo

Kibua_Mtoro:
Kipeleke upande wa pili, chini, pale mkondo unapogonga kioo na kuanza kushuka. Mapovu yatataka kupanda na maji yatakuwa yanayasukuma chini, yanakaa ndani ya maji muda mrefu, yanayeyuka, alafu yanarudi na mkondo wa chini kupita kwenye mimea mifupi. Hapo ulipoweka yanapanda moja kwa moja yanapasuka juu. Kichupa cha kupimia, kile cha maji ya bluu, usikibandike karibu na kisambaza gesi, kiweke kona ambayo unaishuku. Kijani ndio unachotaka, ni kama miligramu 30 kwa lita ukitumia maji ya ugumu wa kaboneti (KH) wa 4 mle ndani. Bluu haitoshi, njano samaki wako mashakani. Na kinachelewa saa moja mbili kubadilika, usikitazame kila dakika ukawa unarekebisha.

Mama Guppy:
Umeme ukikatika je? Huku kwetu unaweza kukatika kutwa nzima. Maana mnaongea mikondo na kila kitu kinategemea soketi

Sato255:
Hahaha mama umegusa penyewe

Kibua_Mtoro:
Hili mama ndio kubwa kuliko mengine yote. Samaki sio wa kwanza kuteseka, ni wale bakteria ndani ya filta. Kanista ikisimama maji ya ndani hayana oksijeni mpya, bakteria wanaimaliza, baada ya saa kadhaa mle ndani kunaanza kuoza. Umeme ukirudi filta inawaka inatema uchafu wote ule tangini kwa mara moja. Kwa hiyo ukiona umekatika muda mrefu chomoa kanista kwenye soketi kabla umeme haujarudi wenyewe, ifungue, mwaga yale maji, suuza sponji kwa maji ya tangi (sio ya bomba yenye klorini), ndio uwashe.

Kwa samaki, pampu ndogo ya hewa ya USB inakula wati moja hadi mbili. Pawabenki ya 10,000 mAh ina kama wati-saa 37 ndani yake, hata ukitoa upotevu unapata usiku kucha. Iwe na sponji yake tayari ndani ya tangi kila siku, imeshaota bakteria, ukihitaji unachomeka tu. Msilishe samaki siku ya umeme kukatika. Na wenye hamira vueni bomba la gesi tangini, hiyo haijui kama umeme umekatika.

Kwa matumizi ya kawaida wala sio gharama ya kutisha, pampu ya wati 15 ikiwaka saa 24 ni uniti 0.36, mwezi mzima hazifiki 11. Msiizime usiku kubana matumizi tafadhali, kuna watu wanafanya hivo.

fundi vioo wa Tabata:
Naongezea la usalama. Waya wa pampu uache ushuke chini kuliko soketi kwanza ndio upande kwenda kwenye plagi. Maji yakitambaa na waya yatadondokea sakafuni, hayataingia kwenye soketi. Nimeona soketi nyingi nyeusi kwa watu kwa ajili ya hili. Na kabla ya kutia mkono tangini zima, usijisifu.

Changu wa Nyali:
Na ile manyoya meusi uliyosema pale mwanzo Kibua, mimi inaota haswa pale mkondo uko na nguvu, kwa mdomo wa kanista yenyewe. Sasa si ulisema inaota kwenye kona mahali hakuna maji?

Kibua_Mtoro:
Umenibana vizuri. Inaota kote kuwili. Ule ni mwani wa jamii ya myekundu ingawa unauona mweusi, ukiutia kwenye spiriti unageuka mwekundu. Kinachouleta mara nyingi ni CO2 isiyotulia, leo nyingi kesho kidogo, na majani yaliyochoka. Kona yenye maji mafu inapata CO2 ya kubahatisha kwa hiyo majani ya pale yanachoka yanashambuliwa. Kwenye mdomo wa kanista unakaa kwa sababu chakula kinapita mbele yake muda wote na hakuna mmea wa kushindana nao pale kwenye plastiki. Ule wa kwenye bomba ng'oa ukasugue, haukuambii kitu. Ule wa kwenye majani ndio usikilize.

Sato255:
Mkuu sponji ya kuvalisha bomba la kunyonya, kuna anayetumia? Nina kamba wadogo wanaingia kwenye kanista

Kibua_Mtoro:
Valisha, ni lazima kwa kamba. Ila jua hiyo ndio itaziba kwanza kuliko kitu chochote. Ioshe kila wiki ukibadilisha maji, ukikamua ukaona maji ya chokleti usishangae. Kanista yenyewe unaweza kuiacha miezi miwili mitatu kama hii ya nje inaoshwa. Chagua ya matundu makubwa, ile laini ya godoro inaziba haraka mno.

Meru_Mdau:
Nimehamisha kisambaza gesi na nimeinua mdomo. Asubuhi hii samaki wako chini wanazunguka kama kawaida, utando umeondoka. Kichupa bado bluu bluu kijani

Kibua_Mtoro:
Safi. Ongeza chupa ya pili ya hamira, ianzishe siku tatu nne baada ya ya kwanza, ili moja ikichoka nyingine iko kwenye nguvu. Usirudishe mdomo chini.

Binti wa Bububu:
Samahani nachelewa kwenye uzi. Mi niko Unguja nafuga wale samaki wetu wadogo wa madimbwi ya mvua, Nothobranchius guentheri, tangi la lita 40 lina moss na mimea ya kuelea. Hao kwao maji hayatembei kabisa, dimbwi linajaa masika linakauka. Nao niwawekee bomba la matundu?

Kibua_Mtoro:
Hao hapana kabisa dada. Sponji ya hewa moja kona ya nyuma, bana mrija wa hewa kwa kile kibanio mpaka uhesabu povu moja moja, uso wa maji utikisike pale pale juu ya sponji tu. Mimea ya kuelea izungushie duara la mrija wa hewa uliounganishwa ncha kwa ncha, ibaki upande mmoja majani yake ya juu yasilowe, yakilowa yanaoza. Moss isogeze iwe karibu na sponji kiasi, isipofikiwa na maji kabisa inajaa vumbi. Na bakuli la kutagia liweke kona ya mbali, ile yenye maji mafu ambayo kwenye tangi la mimea ningekuambia uiondoe.

Binti wa Bububu:
Bakuli lipo mbali tayari, kibanio ndio sina. Naenda kutafuta Darajani kesho.